Kuogopa Ukiwa Umesimama Wima: Maneno kwa Waliofika Usailini, Walukuba, Jinja

Wazee wangu, ndugu na dada zangu, na ninyi vijana mliojaza ukumbi huu tangu asubuhi: karibuni sana, na mwebale kujja, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme machache kabla karatasi hazijagawiwa. Machache hayatakuwa, nawaambia mapema. Mwenye kiu, mtungi wa maji uko pale mlangoni.

Mmekuja kufanyiwa usaili wa tamthilia ya mahakama ya kijeshi, ya Kiswahili tangu pazia linapofunguka hadi linapofungwa. Kesi ni ya kubuni na kambi haina jina. Lakini mtu wa Jinja akiusoma mswada hatachelewa kujua mbegu imetoka wapi. Januari 1964, Uganda ikiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu ya uhuru, askari wa kikosi cha kwanza hapa hapa Jinja walikataa kutii. Walitaka mishahara ipande, na walikuwa wamechoka kuongozwa na maofisa Waingereza wale wale wa zama za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Tanganyika walianza tarehe 20, Jinja ikafuata tarehe 23, Kenya kule Lanet tarehe 24. Waziri Felix Onama alipokuja kuzungumza nao walimzuia kambini mpaka akakubali nyongeza. Serikali ikaomba msaada, askari wa Kiingereza wakaja wakaizingira kambi. Wapo humu wazee waliokuwa watoto mjini wakati ule, na kila mmoja ana namna yake ya kulisimulia jambo hilo. Sitashindana nao.

Sisi tumechukua usiku mmoja tu, na huo nao tumeubuni. Ghala la silaha limekutwa wazi. Funguo zilikuwa kwa koplo mmoja, mtu mpole, anayeishi na mke na watoto kwenye nyumba za kambini. Koplo anasema sajini-meja alimgongea mlango akamwamuru afungue. Sajini-meja anasema usiku ule alikuwa kwake amelala. Karatasi hakuna, saini hakuna. Na jeshini amri ya mdomo ni amri. Ndiyo maana ikishakanwa, anayebaki ameishika mkononi ni yule aliyeitekeleza.

Halafu kuna swali jingine chini ya hilo. Tuseme amri ilitoka kweli. Je, ilikuwa amri halali? Askari hutakiwa atii amri iliyo halali, na asipotii anashtakiwa. Upande wa pili, tangu kesi za Nuremberg baada ya Vita Kuu ya Pili, kusema “niliamriwa” hakumfutii mtu hatia, ingawa kunaweza kumpunguzia adhabu. Koplo wetu alitakiwa ayapime hayo yote usiku wa manane, akiwa na singlendi na kikoi, mbele ya mtu anayemhofu kuliko alivyomhofu baba yake. Mahakama inayapima mchana, watu wakiwa wamekula.

Sasa nije kwenye jambo lililonisimamisha hapa.

Kila ninapoketi kwenye usaili wa mchezo wenye askari, mambo huwa yale yale. Kijana anapanda jukwaani, anatanua mabega, anakunja uso, halafu anapiga kelele. “Simama! Toa kitambulisho! Lala chini!” Ukumbi unacheka, naye anashuka akiamini nafasi ni yake. Wa pili anapanda na kelele zaidi. Wa tatu anaongeza teke. Kufikia wa kumi mimi masikio yamekwisha kuziba.

Simlaumu mtu. Sisi Waganda wengi wetu tumemjulia askari kizuizini, barabarani. Wazazi wetu waliishi miaka ya Amin, kisha miaka ya themanini wakaonja zile kamatakamata za “panda gari”, ambapo mtu alikwenda sokoni kununua chumvi akajikuta juu ya lori. Askari tuliyebaki naye kichwani ni yule anayeonekana kutokea chini: buti kwanza, mtutu, uso mwishoni. Picha hiyo ni ya kweli kabisa. Ila ni picha aliyoichora raia aliyechuchumaa. Katika tamthilia hii hakuna raia wa kufokewa. Kila askari aliye jukwaani ana mkubwa wake, na mkubwa huyo yuko chumba kile kile. Koplo anamwogopa sajini-meja. Sajini-meja anamwogopa meja. Meja anaogopa barua ambayo haijafika kutoka makao makuu. Hata mwenyekiti wa mahakama, mwenye sauti kubwa kuliko wote pale mezani, ameteuliwa na watu anaowajua, na anajua wanataka kusikia nini.

Kwa hiyo leo simtafuti anayejua kutisha. Namtafuta anayejua kuogopa akiwa amesimama wima, na hiyo ni kazi ngumu. Raia akiogopa, mwili unamsemea: anajikunyata, anatazama mlango, mikono inatafutana. Askari amefundishwa kufuta hayo yote. Visigino vimegusana, kidevu juu, macho mbele. Hofu inabaki ndani ikitafuta upenyo. Inatokea kwenye jibu lililokuja upesi mno. Inatokea kwenye pumzi iliyovutwa kabla swali halijaisha. Kwenye ukurasa mtakaopewa, koplo anajibu “ndiyo afande” mara saba na karibu hana sentensi nyingine. Ukiupitia haraka utasema mwandishi alikuwa mvivu. Usome tena. Ile ya pili ni ya mtu anayedhani bado anaweza kuokoka. Ile ya tano ni ya mtu aliyemwona sajini-meja akitazama saa yake. Ukinipa saba zinazofanana, nitakushukuru na kukuombea safari njema.

Kuna jambo la mwili ambalo litawasaidia, na hili ni la desturi ya jeshi la Kiingereza ambalo majeshi yetu yalizaliwa nalo. Mshtakiwa huingizwa mbele ya mahakama bila kofia na bila mkanda. Kwa desturi hiyo hiyo, askari asiye na kofia hapigi saluti. Fikirieni maana yake kwa mwigizaji. Huyu mtu maisha yake yote ya utu uzima, mbele ya mkubwa mkono wake wa kulia umekuwa na kazi. Leo amezungukwa na wakubwa kuliko siku yoyote, na mkono hauna pa kwenda. Mnaosailiwa nafasi ya koplo, nitawatazama mkono huo kabla sijawasikiliza.

Sajini-meja naye mnamkosea kwa njia nyingine: mnamfanya mwongo. Mwongo wa jukwaani anapepesa macho, anajifuta jasho kwa leso. Huyu hapana. Ametumikia miaka mingi, ana medali, amekwenda Burma na King's African Rifles akarudi. Anapokana, anakana kwa utulivu wa mtu anayelinda kikosi chake. Mimi binafsi namwona ana sababu nzuri kuliko koplo, na mwandishi wetu tuligombana naye kidogo juu ya hilo. Mtakaosoma nafasi hii msije na dhamiri inayowasuta. Njooni na mtu aliyekwisha kuamua.

Wale wajumbe wa mezani nao nataka niwazungumzie kwa kirefu, kwa sababu najua hakuna aliyetoka nyumbani leo akiota kuwa mjumbe wa mahakama. Sheria ya UPDF, jeshi letu la sasa, ilipotungwa 2005 iliipa Mahakama Kuu ya Kijeshi wajumbe saba: mwenyekiti asiyepungua cheo cha luteni kanali, maofisa wakuu wawili, maofisa wa ngazi ya chini wawili, kamisaa wa siasa, na askari mmoja asiye ofisa. Tumeazima idadi ya saba kwa sababu inaijaza meza vizuri. Kamisaa tumemwacha, zama zile hakuwepo. Kiti chake tumempa ofisa Mwingereza aliyebaki baada ya uhuru, na mahali pa yule asiye ofisa tumemweka luteni kijana. Wanasheria mtatusamehe, hii ni meza ya jukwaani. Na msiniletee mzungu, simtafuti. Maofisa wa King's African Rifles walitakiwa wajifunze Kiswahili, na wengi walikizungumza vizuri kuliko tunavyopenda kukiri. Atakayemwigiza aseme Kiswahili safi, taratibu, bila kujifanya pua imeziba.

Kati ya hao saba, wanne hawana hata sentensi moja. Wataketi karibu saa mbili wakitazamwa. Najua minong'ono itakayokuja: “Nimetoka Bugembe kwa boda boda nije nikae kimya?” Ndiyo, dada yangu, uje ukae kimya, na ukikaa vizuri utaubeba mchezo mgongoni. Watazamaji hawajui sheria. Hawatajua kama swali la wakili limeumiza au limepita pembeni. Watawatazama ninyi wanne wajue. Mjumbe mmoja akiacha kuandika, ukumbi mzima utaelewa kwamba jambo limetokea. Mjumbe mmoja akimtazama mwenyekiti kabla hajamtazama shahidi, wataelewa jambo jingine kabisa. Kwa hiyo usaili wa wajumbe utakuwa hivi: saba wataketi, mtu atasoma ushahidi, na mimi nitampa msomaji mgongo niwatazame wanaosikiliza. Asiyejua kusikiliza huwa anajitangaza mwenyewe; anaanza kutikisa kichwa.

Na kuna tukio la kupiga kura, ambalo naliona ndilo moyo wa mchezo. Katika desturi ya mahakama za kijeshi za Kiingereza, wajumbe hutoa maoni kuanzia aliye mdogo kwa cheo, mwenyekiti wa mwisho. Sababu yake ni hiyo hiyo niliyokuwa nikiisema: mkubwa akisema kwanza, wadogo hawatapiga kura, watapiga saluti. Ni utaratibu wa watu wanaolijua jeshi lao. Lakini utazameni kwa jicho la mwigizaji. Luteni wa miaka ishirini na mbili anatakiwa aseme “ana hatia” au “hana hatia”, wa kwanza kabisa, huku wakubwa sita wakimtazama na hakuna hata mmoja aliyemwambia anafikiri nini. Sheria imempa uhuru, na uhuru wenyewe unamtetemesha. Anayo sentensi moja tu katika mchezo mzima. Nafasi hiyo nitampa mtu mzuri kuliko wote nitakaowapata leo, kwa hiyo nikikupa, usinune.

Dada zangu, mke wa koplo. Huyu ndiye pekee jukwaani asiye chini ya amri ya mtu. Alisikia mlango ukigongwa, akasikia sauti, uso hakuuona. Akisema sauti ilikuwa ya sajini-meja, anampinga mtu ambaye mkewe huazimana naye unga. Akisema hakuitambua, mumewe anafungwa na yeye na watoto wanafukuzwa kwenye nyumba ya kambi. Tafadhali msilie. Najua katika kumbi zetu mwanamke akilia watu wanapiga makofi, wengine wanamtunza na noti. Huyu hana nafasi ya kulia. Anapiga hesabu. Nikiona chozi kabla ya ukurasa wa mwisho nitawaomba mrudie.

Kiswahili. Hapa Walukuba sina haja ya kukitetea. Mtaa huu ulikusanya wafanyakazi wa viwanda kutoka kila upande, Wasoga, Waacholi, Wagisu, Wakenya, Wakongo, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa hiyo. Lakini mchezo tunataka kuupeleka na Kampala, na huko wapo wazee ambao wakisikia Kiswahili ni kama wamesikia mlango ukigongwa usiku. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na hilo halikukisaidia. Katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hofu ya yule mzee haijui habari za marekebisho ya katiba. Ninyi ndio mtakaokutana nayo, mkiwa jukwaani. Sitaki muikwepe. Mchezo mzima ni wa watu waliozungumza lugha hii wakiwa wao ndio wenye hofu, na mzee yule hajawahi kuwaona hao.

Juu ya lafudhi, hakuna atakayekatwa alama kwa Kisoga kilichomo ndani ya Kiswahili chake. Sajini-meja anasema Kiswahili cha kambini, “wewe kuja hapa, bunduki yako iko wapi”, ngeli zimekatwa kama nywele za kuruta. Wakili wa utetezi anasema Kiswahili cha vitabuni, na hicho ndicho kinachomponza, maana wajumbe wanadhani anawafundisha. Anayetoka Mombasa au aliyesoma Zanzibar, kama yupo, asogee upande wa mawakili.

Wapo humu pia waliowahi kuvaa sare. Nawaona, mgongo haufichiki. Shikamooni. Ninawahitaji sana kwenye mazoezi ya gwaride, na mtu akinisahihisha nitasikiliza. Ombi langu ni moja: aliyekutana na kesi ya namna hii kweli, yeye au nduguye, asinipe kidonda chake leo. Kuna watu wanadhani mwongozaji anataka uchimbe maumivu yako uyalete jukwaani yakiwa bado yanatoa damu. Mimi sitaki. Maonyesho yanarudiwa, usiku wa sita utayatoa wapi?

Sare. Hapa naomba tusikilizane. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa wala kumiliki sare za jeshi au zinazofanana nazo, na mwaka 2019 hata kofia nyekundu iliingizwa kwenye gazeti la serikali kuwa vazi la jeshi. Kwa hiyo asije mtu usailini na kombati aliyoazima kwa shemeji. Nimemwona kijana mmoja pale nje na fulana ya madoadoa. Mdogo wangu, igeuze au ivue, tutakutafutia nyingine. Maleba yetu yatashonwa kwa kitambaa cha rangi moja isiyotumiwa na jeshi lolote nchini, vyeo vitakuwa utepe wa kitambaa begani, na mswada pamoja na maleba vitapelekwa kwa wahusika kabla ya onyesho. Bunduki ni za mbao, zitafungiwa humu humu, na hakuna atakayetoka na moja kwenda kupiga picha barabarani. Mchezo kuhusu mahakama ya kijeshi usimpeleke mtu kwenye mahakama ya kijeshi.

Mmecheka. Lakini wengine mliniuliza nje, kwa sauti ya chini, kama jambo hili ni la busara wakati huu. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia kwenye mahakama za kijeshi kunakiuka katiba. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha marekebisho yanayofungua tena mlango huo kwa mazingira maalumu. Mjadala ni mkali na kila mmoja wetu ana upande wake. Mchezo wetu una askari wanaomhukumu askari mwenzao, na msiigize magazeti. Nikimwona mwenyekiti anayeiga sauti ya mtu fulani wa Makindye, kule inakoketi Mahakama Kuu ya Kijeshi, atashuka jukwaani hapo hapo. Naogopa? Ndiyo, kiasi cha kutosha. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wa Ukumbi wa Taifa pale Kampala, alichukuliwa akauawa mwaka 1977, muda mfupi baada ya kikundi chake kurudi kutoka tamasha la FESTAC kule Lagos. Mtu wa maigizo wa nchi hii asiyelijua jina lake, akalitafute. Ndiyo maana hatufanyi kitu kwa kificho: mswada unasomwa na anayetaka kuusoma, na milango ya mazoezi haifungwi.

Mengine ni ya haraka. Usaili haulipiwi. Hakuna mwenye haki ya kukuomba fedha ili jina lako lisogee juu, wala kukuomba kitu kingine chochote, wala kukuita mahali pengine “ukasomeshwe nafasi”. Akitokea, hata akiwa mmoja wetu, njoo kwangu au kwa mama anayeandikisha majina, hadharani. Mazoezi ni jioni, kwa sababu wengi mna kazi sokoni, viwandani na kwenye boda. Nauli ya siku za mazoezi tutatoa. Malipo makubwa hatuna, mgawo utatokana na kiingilio, na hesabu mtaonyeshwa. Atakayeona haitoshi aseme leo, hatutamchukia.

Karatasi zina namba. Namba moja ni koplo, mbili sajini-meja, tatu mke, nne yule luteni wa kura. Mawakili wana tano na sita. Wazee mnaotaka uwenyekiti, msisome chochote, nitawaita tuongee kwanza. Mna muda wa kusoma kimya wakati tunapanga meza, na tafadhali msisome kwa sauti humu ndani, mtaambukizana.

Tunaanza kwa utaratibu wa mahakama. Nani humu ana umri mdogo kuliko wote? Wewe? Unasoma Senior ngapi? Haya, njoo uchukue namba nne, usimame pale penye alama ya chaki. Wajumbe sita wa kujitolea waketi. Kofia ivae, wewe si mshtakiwa.